DARSA LA RAMADHANI, SIKU YA 14: MWILI UNAVUNJA MCHANA, WEWE UNAUPA NINI USIKU?



Ndugu zangu wa Marambo, wa Nachingwea na Ruangwa, na nyote mnaotufuatilia mkiwa mbali na nyumbani, tunamshukuru Allah (s.w.) aliyetufikisha siku ya leo tukiwa na uhai na saumu. Swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Darsa la leo ni refu kidogo. Lisome polepole, na ukipata nafasi wasomee na walioko jikoni, maana linagusa sufuria la futari.

*Ujumbe unaozunguka*

Kila Ramadhani kuna ujumbe unazunguka kwenye simu. Unasema kuna Mjapani amepewa Tuzo ya Nobeli kwa kugundua kwamba mtu akifunga, mwili unakula seli mbovu na saratani inakufa. Mwisho unaambiwa utume kwa watu kumi. Wengi wananiletea na kuuliza, "Shekhe, hii kweli?"

Suratul Hujuraat aya ya 6 inatufundisha kuhakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi. Basi tuihakikishe.

Mjapani yupo kweli. Anaitwa Yoshinori Ohsumi, na alipewa Nobeli ya Tiba mwaka 2016. Lakini hakumpima mtu aliyefunga Ramadhani. Alichunguza hamira, hii hii tunayotia kwenye maandazi. Aliinyima chakula, akaitazama kwa hadubini, akaona ndani ya seli vifuko vidogo vinavyozoa vipande vya seli yenyewe na kuvipeleka kwenye chumba cha kumeng'enyea. Hayo aliyachapisha mwaka 1992. Mwaka uliofuata akaonesha jeni 15 zinazohitajika ili kazi hiyo ifanyike. Jina la kazi hiyo, otofaji, yaani "kujila mwenyewe" kwa Kigiriki, lilikuwepo tangu mwaka 1963. Alilitoa Mbelgiji Christian de Duve, ambaye mwaka 1955 alikuwa ameshakieleza hicho chumba cha kumeng'enyea, kinachoitwa lisosomu.

Na saratani? Otofaji ina pande mbili. Inaweza kusaidia kuzuia seli isiharibike, lakini seli ya saratani nayo huitumia kujiokoa inapokosa chakula. Kwa hiyo mwenye saratani aende hospitali na afuate matibabu yake. Asiache dawa kwa sababu ya ujumbe wa simu.

Sisi tunafunga kwa kuwa tumeamrishwa, na lengo limetajwa katika Suratul Baqara aya ya 183: uchamungu. Saumu haikungoja Tuzo ya Nobeli ili iwe faradhi. Na dini ya haki haihitaji kutetewa kwa chumvi.

Lakini usiseme basi, hakuna cha kujifunza. Kipo, tena kikubwa. Suratu Dhaariyaat aya ya 21 inatuelekeza tutazame ndani ya nafsi zetu. Hebu tutazame.

*Fundi anayebomoa ili ajenge*

Mwili wako umejengwa kwa protini: misuli, ngozi, damu, vimeng'enya vya tumboni, askari wanaopigana na maradhi. Kila protini ni kama ukuta wa matofali, na matofali yake yanaitwa asidi amino. Yako aina 20. Tisa kati ya hizo mwili hauwezi kuzitengeneza, lazima ziingie kwa mdomo.

Sasa sikiliza ajabu hii. Mtu mzima wa kilo 70 huvunja na kujenga upya kiasi cha gramu 250 hadi 300 za protini kila siku. Lakini protini anayokula kwa siku huenda ni gramu 60 au 70 tu. Hiyo nyingine inatoka wapi? Inatoka mwilini mwenyewe. Ukuta wa zamani unabomolewa, matofali yake yanajenga ukuta mpya.

Sisi wa vijijini tunalijua jambo hili. Masika ikipita, nyumba ya udongo inakaguliwa. Nguzo iliyoliwa na mchwa inang'olewa. Bati zima linarudishwa juu. Udongo ulioanguka hautupwi, unalowekwa, unakanyagwa na kukandikwa tena.

Seli inabomoa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya kuchagua. Mmeziona zile nyumba zilizo ndani ya hifadhi ya barabara, zinavyopigwa X nyekundu? Protini iliyoharibika, au iliyomaliza kazi yake, nayo hubandikwa alama. Alama hiyo inaitwa ubikwitini. Ikishabandikwa, mashine ndogo iitwayo proteasomu inaichanachana. Waliogundua habari ya alama hii ni Aaron Ciechanover na Avram Hershko wa Israeli na Irwin Rose wa Marekani, wakapewa Nobeli ya Kemia mwaka 2004.

Njia ya pili ndiyo otofaji. Hii inazoa kwa mafungu, hata vyombo vizima vya ndani ya seli, na kuvipeleka kwenye lisosomu. Matofali yanatolewa upande wa pili, tayari kwa kazi mpya.

*Nani anatoa amri?*

Sasa hapa ndipo penye darsa. Fundi akibomoa tu bila kipimo, nyumba inakwisha. Lazima awepo msimamizi.

Ndani ya seli yupo, na wanasayansi wanamwita mTOR. Jina lake limetokana na dawa iliyopatikana kwenye udongo uliochukuliwa mwaka 1964 katika kisiwa cha mbali kinachoitwa Rapa Nui. Dawa hiyo ilikuwa inamzima msimamizi huyu, na kwa kupitia dawa ndipo mwaka 1991 Michael Hall na wenzake, kule Basel nchini Uswisi, wakamtambua kwenye hamira.

Kazi yake ni hii. Ukila, asidi amino zinaingia kwenye seli, na homoni ya insulini inapanda kwenye damu. Msimamizi akiona vyote viwili anasema: jengeni, acheni kubomoa. Chakula kikikosekana, matofali yanapungua na insulini inashuka. Msimamizi ananyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo ruhusa ya otofaji kuanza.

Na anakaa wapi? Anapofanya kazi hii hukaa kwenye ukuta wa nje wa lisosomu, pale pale matofali yaliyobomolewa yanapotokea. Ubomoaji ukiendelea na matofali yakiongezeka, anayaona, anaamka tena na kuzuia kubomoa kusipite kiasi. Subhanallah. Hata katika njaa seli haikuachiwa kujila bila mpaka.

Msidhani hii ni kazi ya ziada. Mwaka 2004 Noboru Mizushima na wenzake huko Japani walichapisha habari za watoto wa panya waliozaliwa bila jeni moja ya otofaji. Walipozaliwa walionekana kama wengine. Lakini mtoto akizaliwa, chakula cha kwenye kondo kinakatika ghafla na maziwa hayajakolea. Katika kile kipindi kifupi cha njaa, panya wenzao walijivunja kidogo, wakaishi. Hawa waliokosa otofaji walikufa ndani ya siku moja.

*Mchana wa saumu*

Huku kwetu tunafunga saa 13 na zaidi kidogo, toka alfajiri mpaka magharibi. Insulini inashuka. Ini linatoa sukari liliyoiweka akiba. Mafuta yanaanza kutumika. Misuli nayo inatoa asidi amino kidogo kidogo ili sehemu nyingine za mwili zipate. Huo ni mkopo. Msuli umeikopesha damu.

Tusiseme kwamba saa fulani otofaji inawaka kama taa. Panya akikosa chakula siku moja ni mateso makubwa, kwa sababu mwili wake ni mdogo na akiba yake ni ndogo. Mtu mzima ni tofauti. Tunalolijua vizuri ni mwelekeo: chakula kikikatika, kuvunja kunazidi. Chakula kikirudi, kujenga kunazidi. Mtu mzima mwenye afya anaumudu mchana wa saumu bila taabu, *kama mkopo utalipwa usiku*.

Hilo ndilo neno la leo. Kuvunja ni nusu ya kazi. Nusu ya pili iko kwenye sahani ya futari na ya daku.

*Mtego wa wanga*

Tuangalie sahani zetu. Mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu, tambi, chai ya sukari nyingi. Usiku ugali wa muhogo na mboga ya majani. Tumbo linajaa, tunasema alhamdulillah, na ni haki kushukuru. Lakini gramu 100 za unga wa muhogo zina protini kama gramu moja au mbili tu. Gramu 100 za mbaazi kavu zina gramu 20 hivi.

Ukila wanga mtupu, insulini inapanda na msuli unaambiwa acha kutoa. Vizuri. Lakini matofali mapya hayakuja. Mkopeshaji amefunga duka, na mdaiwa hajapata pesa. Mtu mzima mwenye akiba atavumilia mwezi. Mtoto hawezi.

Hapa niwapeleke Kampala kidogo, Hospitali ya Mulago. Hapo ndipo madaktari walipoushughulikia kwa miaka mingi ugonjwa wa kwashakoo. Jina hilo Cicely Williams alilichukua kwa Waga wa Gold Coast, Ghana ya leo, akaliandika mwaka 1935. Ni ugonjwa unaompata mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Mwaka 1954 Hugh Trowell, J. N. P. Davies na R. F. A. Dean, waliofanya kazi Uganda, wakatoa kitabu kizima juu yake. Watoto wale walikuwa wakilishwa matoke na vyakula vingine vya wanga. Uso na miguu vinavimba, nywele zinakuwa nyekundu nyekundu, ngozi inabambuka. Jirani asiyejua anaweza kusema mtoto kanenepa.

Miaka ya 1970 Roger Whitehead na wenzake waliopima damu za watoto wa Uganda wakaeleza hivi: wanga mwingi unaiweka insulini juu, kwa hiyo msuli hautoi matofali yake. Ini linayangoja, halipati, linashindwa kutengeneza albumini, protini inayoshika maji ndani ya mishipa ya damu. Maji yanatoka nje ya mishipa, mtoto anavimba. Yule mwingine aliyekosa chakula chote, msuli wake unavunjwa kulilisha ini, anakonda mpaka ngozi na mifupa, lakini havimbi. Wataalamu waliofuata wameongeza sababu nyingine, yakiwemo maradhi ya kuambukiza, na mjadala wa kwashakoo haujafungwa. Lakini somo la sahani halijabadilika: tumbo kushiba siyo mwili kupata.

Ndiyo maana naiona hekima katika Suratul Baqara aya ya 233, inayotaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kutimiza. Mtoto akitolewa ziwani mapema na kukabidhiwa uji mweupe mtupu, amehamishwa kutoka kwenye matofali kwenda kwenye maji ya tope.

*Sisi hatuna udhuru*

Ndugu zangu, ardhi yetu si maskini wa protini. Waingereza walipoanzisha ule mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947, Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu tatu walizochagua, pamoja na Kongwa na Urambo. Mradi ulikufa mwaka 1951, na reli waliyoileta toka Mtwara ikang'olewa miaka ya 1960. Karanga hazikuondoka na reli. Zipo. Mbaazi zipo, choroko, kunde, njugu mawe, ufuta, korosho.

Shida ni kwamba tunavuna, tunapeleka ghalani mpaka punje ya mwisho, halafu nyumbani tunabaki na muhogo. Mnakumbuka mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kwao, bei ikaanguka. Siku ile tulijifunza kuwa soko laweza kutukataa. Tumbo la mwanao halijawahi kuikataa mbaazi.

Tena Allah ametupangia vizuri. Mbaazi na kunde zina kwa wingi tofali liitwalo laisini, ambalo mahindi na mtama vina upungufu nalo. Ufuta una methionini, ambayo mbaazi zina kidogo. Ukila ugali wa mtama kwa mbaazi zilizoungwa kwa ufuta uliosagwa, kila kimoja kinamziba mwenzake pengo. Hujanunua nyama, na ukuta umesimama.

*Nani asivunjwe*

Aya za 184 na 185 za Suratul Baqara zimetoa ruhusa kwa mgonjwa na msafiri. Ruhusa ya Mola ni zawadi, na kuikataa zawadi ukajidhuru si ushujaa.

Mama mjamzito au anayenyonyesha akihofia nafsi yake au mtoto wake, ameruhusiwa kufungua. Namna ya kulipa, kadha au pamoja na fidia, madhehebu yanatofautiana. Muulize shekhe wa msikiti wako. Mwenye kisukari anayetumia sindano au vidonge azungumze na daktari kabla ya kufunga, asijipangie dozi mwenyewe. Mtoto ambaye hajabaleghe saumu si faradhi kwake. Mzoesheni kwa upole, akisema njaa apewe chakula. Mzee asiyeweza kabisa atoe fidia.

Na nyie akina baba, sikilizeni hili vizuri. Mnajua kisa cha Salman na Abu Dardai (r.a.). Abu Dardai alizidisha ibada mpaka akaisahau nafsi yake na mkewe. Salman akamkumbusha kuwa Mola ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani kwake wana haki, ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume (s.a.w.) akasema Salman amesema kweli. Sasa kama kitoweo ni kimoja, dagaa ziko kwenye sahani ya baba peke yake, na mama anayenyonyesha anachovya ugali kwenye mchuzi, haki ya nani imeliwa hapo?

*Tufanye nini kuanzia leo*

1. Futari fungua kwa tende au maji, swali magharibi, kisha hakikisha kwenye mihogo au viazi kuna mbaazi, kunde, choroko, karanga, dagaa, yai au maziwa. Kimojawapo kisikose.

2. Daku usiiache, ndani yake mna baraka. Usiifanye chai na kiporo cha muhogo tu. Weka kitu chenye protini, maana hiyo ndiyo akiba ya mchana.

3. Uji wa mtoto changanya unga na karanga zilizosagwa. Chagua karanga safi. Yenye ukungu tupa, usimpe mtoto wala kuku, ina sumukuvu.

4. Ukivuna, toa kwanza gunia la nyumbani, la mbaazi au kunde, kabla ya kupeleka ghalani.

5. Ukitoa sadaka ya futari, usitoe sukari na ngano peke yake. Ongeza kilo mbili za mbaazi au choroko. Zakatul-fitri utaitoa kwa mujibu wake. Hapa nazungumzia sadaka. Maskini naye ana ukuta unaohitaji matofali.

6. Mtoto akivimba miguu au uso, au nywele zikigeuka rangi, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Usingoje Idi.

*Swali la leo kwa vijana wa madrasa:* ukila muhogo mtupu baada ya kufunga, kwa nini msuli unaacha kutoa matofali ilhali ini bado linayahitaji? Jibu kwa sentensi mbili, mlete kesho baada ya alasiri.

Ewe Mola wetu, zikubali saumu zetu na visimamo vyetu. Ibariki riziki ya mashamba yetu, utufanye waadilifu kwenye sahani zetu, uwalinde wajawazito wetu na watoto wetu, na uwaponye wagonjwa wetu. Aamin.

Ukituma darsa hili kwa mwingine, litume lote, usikate kipande. Tukutane kesho in shaa Allah.

Wabillaahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.